Sura ya Sita: Mvua Moja, Barabara Mbili

Lami imewasahaulisha madereva wengi wa njia ya kusini kwamba kati ya Mkuranga na Mto Rufiji wanakatiza aina mbili za ardhi zisizopatana. Basi linatoka Mbagala, linapita Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, linavuka Daraja la Mkapa, na abiria aliyesinzia anakuja kuzinduka Nangurukuru. Ardhi iliyo chini ya lami hakuionja. Sasa acha barabara kuu. Kunja kushoto pale Bungu uelekee Nyamisati, zinakopakia boti za Mafia na za vijiji vya delta. Au kunja kulia Kibiti ufuate njia ya Mkongo na Mloka, wanayopita watalii wanaoingia hifadhini kwa lango la Mtemere. Huko ndiko dereva anakojulikana.

Nchi ya juu, yenye mikorosho na minazi, ni ya mchanga. Nchi ya bondeni, yenye mpunga na madungu ya kulindia mashamba, ni ya mfinyanzi. Mchanga wa juu ni wa kale mno. Mfinyanzi wa bondeni ni kazi ya mto, na mto bado uko kazini. Rufiji hukusanya maji ya bonde lenye kilomita za mraba zipatazo 177,000: maji ya Ruaha Mkuu, ya Kilombero, ya Luwegu. Maji yakiwa na kasi hubeba kila kitu. Yakianza kuchoka hutua kwanza kilicho kizito. Chembe laini kupita zote, zisizoonekana kwa jicho, huelea mpaka maji yasimame kabisa mabondeni na kwenye mikoko, ndipo nazo zikae. Mkulima wa Rufiji anaushukuru udongo huo, maana ndio anaoulimia mlau, kilimo cha kuyafuata maji yanapopungua. Dereva hana la kushukuru.

Kwa hiyo somo la kwanza la utelezi huku halimo ndani ya gari. Limo dirishani. Ukiona mikorosho pande zote mbili, upo juu ya mchanga. Mikorosho ikikatika, nyasi zikawa ndefu na mashamba yakawa tambarare yenye majaruba, umeshuka kwenye mfinyanzi, hata kama rangi ya barabara haijabadilika kwa sababu greda ilimwaga moramu mwaka jana. Moramu ni shuka tu. Malori mawili ya kuni yakipita juu yake kwenye masika, mfinyanzi huchomoza.

Hizi ardhi mbili huipokea mvua kwa namna zinazopingana kabisa, na hapo ndipo wageni wanapoponzwa. Mwezi wa Januari jua likiwa kali, barabara ya mchanga ya kule juu ni ngumu kupita: tairi linazama, injini inalia, gari linayumba. Ikinyesha, mchanga unashikamana na barabara inakuwa nzuri kuliko ilivyokuwa jana. Mfinyanzi ni kinyume chake. Januari hiyo hiyo ni mgumu na una nyufa, unapita kwa kasi yoyote unayotaka. Zikipita dakika kumi za mvua, mtu mzima hawezi kusimama juu yake akiwa na viatu.

Dereva aliyejifunza kwenye mchanga amefundishwa mambo matatu: ingia na kasi, usisimame, ukiona gari linazidiwa ongeza mafuta. Kwenye mchanga ni mafunzo sahihi. Akishuka bondeni siku ya mvua na mguu ule ule, mambo hayo matatu ndiyo yatakayomtia mtaroni. Niliowahi kuwasikiliza wakieleza ajali zao za bondeni, wengi walisema gari "lilikataa". Sidhani kama lilikataa. Lilitii mguu uliokuwa bado uko kwenye mchanga.

Tuangalie kwa nini. Chembe za mfinyanzi ni bapa na nyembamba mno. Maji yakipenya katikati yake, bapa huteleza juu ya bapa. Wahandisi hupima mshiko wa tairi kwa namba: lami kavu ni kama 0.7, na mfinyanzi uliolowa juu huweza kushuka hadi 0.2, jirani kabisa na theluji iliyoshindiliwa. Ukiziweka namba hizo kwenye hesabu ya breki, gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa husimama baada ya mita kama 36 juu ya lami kavu. Juu ya mfinyanzi wa 0.2 huhitaji mita 126. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja ya kushtuka imekwishakula mita 22. Teremka hadi kilomita 40 kwa saa, mita zile 126 zinakuwa 31. Kasi ikikatwa nusu, umbali unakatwa robo tatu. Sijui ushauri mwingine wa udereva wenye faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo kama hiyo, na bado ndio unaodharauliwa kuliko yote.

Mshiko huo mdogo, zaidi ya hayo, hauna mifuko miwili. Ni kama mshahara wa kibarua: ukiutumia wote kwenye kodi ya nyumba, hakuna cha kununulia unga. Tairi likitumia mshiko wote kufunga breki, hakuna unaobaki wa kukata kona. Likitumia wote kulisukuma gari kwa mafuta, hakuna wa kulizuia lisiende kando. Ndiyo maana dereva mzuri wa tope hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Anapunguza mwendo gari likiwa limenyooka, anaachia breki, ndipo anakata usukani, na mafuta anayaongeza akishanyooka tena. Ukimtazama unadhani ni mvivu.

Mvua ya kwanza ni mbaya kuliko ya pili. Kwenye mfinyanzi mkavu, manyunyu ya nusu saa hulainisha juu tu, unene wa ukucha, na chini kunabaki kugumu. Gari halizami, linaserereka. Mvua ikiendelea siku tatu, ule ugumu wa chini nao unalainika, na hapo tatizo hubadilika: gari haliserereki tena, linazama hadi difu liguse tope. Hayo ni matatizo mawili na dawa zake ni mbili, ndiyo maana utingo wa lori hushuka na fimbo, akavua viatu, akatembea mbele. Fimbo ikigonga ugumu baada ya vidole vitatu, atampungia dereva aje polepole kwa namba mbili. Ikizama bila kugonga kitu, hakuna ufundi wa usukani utakaosaidia. Hapo ni kukata matawi, kuazima sepeto na kuanza kazi, au kugeuza.

Barabara nyingi za bondeni zimeinuliwa kwa tuta ili mafuriko yasizifunike, na tuta lina mgongo katikati na mteremko pembeni. Huo mteremko ndio mtego. Siku ya jua hauuoni kabisa. Siku ya utelezi gari likikaa upande mmoja tu wa mgongo, uzito wake wenyewe unalivuta kuelekea mtaroni, hata likiwa limesimama. Nimeona Noah imepaki, breki ya mkono imevutwa, hakuna mtu ndani, ikateremka yenyewe kwa ubavu taratibu hadi kwenye majani. Kwa hiyo panda mgongo. Tairi za kulia upande huu wa mgongo, za kushoto upande ule, nawe ukae katikati ya barabara kana kwamba ni yako peke yako.

Si yako peke yako, bila shaka. Mbele linakuja Fuso la nazi, nalo limepanda mgongo. Hapa madereva wa njia hizi wana adabu yao isiyoandikwa popote. Aliye kwenye ardhi ngumu ndiye anayesubiri. Ukiona taa za mwenzako kwa mbali na wewe bado uko kwenye kipande cha moramu, simama hapo, washa taa, mwache amalize tope. Asiyekuwa na adabu huingia, wakakutana katikati, na kila mmoja akitaka kushuka mgongoni ili mwenzake apite, wote wawili wanaishia mtaroni, mmoja kushoto na mwingine kulia, wakitazamana.

Sasa gari limeshaanza kuserereka. Kuna namna mbili, na mwili wa dereva huzitambua kabla ya macho. Ya kwanza ni nyuma kutoka: kiti kinahisi kama kinavutwa kando, pua ya gari inaelekea usikotaka. Magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, kama Haisi na pikapu nyingi, ndiyo yanayopenda hili. Punguza mafuta kwa utaratibu, usiyaachie ghafla, usiguse breki, na zungusha usukani kuelekea upande uleule ambao mkia unaelekea. Mkia ukienda kushoto, usukani kushoto. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri, rudisha usukani mapema. Mkia ukikamata tena huku usukani bado umekatwa, gari hurushwa upande wa pili kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Mserereko wa kwanza mara nyingi hauumizi mtu. Ni wa pili.

Namna nyingine ni mbele kukataa kukata: umezungusha usukani na gari linakwenda moja kwa moja. Magari madogo yanayovutwa na tairi za mbele, IST na wenzake, hufanya hivi. Silika inasema zungusha zaidi. Ukizungusha zaidi, tairi zinalisukuma tope kwa ubavu na hazishiki chochote. Ondoa mguu kwenye mafuta, urudishe usukani kidogo kuelekea ulikonyooka, usubiri. Nusu sekunde ya kusubiri ni ndefu sana mtu akiutazama mti.

Katika yote mawili, tazama unakotaka kwenda. Mikono hufuata macho. Anayeukodolea macho mkorosho atakwenda kwenye mkorosho.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halimo kwenye vitabu vya leseni. Kwenye njia zenye mifereji mirefu iliyochimbwa na matairi ya malori, mfereji ndio unaoendesha. Unaweza kuwa umekata usukani hadi mwisho na gari likaendelea kunyooka kwa sababu kuta za mfereji zimelishika. Mfereji ukiisha, tairi zilizokatwa zinakamata ghafla na gari linaruka porini. Toa kichwa dirishani mara kwa mara uangalie tairi la mbele linatazama wapi. Na vidole gumba viweke nje ya duara la usukani, si ndani, maana tairi likigonga kisiki usukani huzunguka wenyewe kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Wenzetu walioko Norwei, Kanada au Minnesota watasema haya ndiyo waliyofundishwa huko kuhusu barafu, na ni kweli. Kanuni za mserereko hazijali kama chini kuna theluji au tope. Lakini breki za ABS ziko tofauti. Juu ya barafu zinamsaidia dereva kubaki na usukani. Juu ya tope laini au mchanga zinaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa tairi lililofunga kabisa hukusanya kilima kidogo cha udongo mbele yake kinachosaidia kulizuia, na ABS hailiruhusu tairi lifunge. Bado ningechagua kuwa nayo. Usukani unaotii ni bora kuliko mita chache.

Afrika Mashariki ilikuwa na chuo chake cha tope. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa makumi ya miaka zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapoingia. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari la familia la kusukumwa na tairi za nyuma, lisilo la kutisha kwa lolote. Zingekuwa bahati tupu, zisingewaangukia watu walewale, na gari la aina ileile, katika mbio zote mbili zilizoharibiwa na mvua kuliko nyingine. Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976 naye alikuwa fundi wa magari kabla hajawa maarufu, na alijulikana kwa kulitunza gari. Wenye kasi walibaki mitaroni wakisubiri trekta.

Rufiji yenyewe iliwahi kuwapa funzo watu wenye magari mengi kuliko hayo. Januari 1917 majeshi ya Waingereza yaliufikia mto yakiwafukuza askari wa kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck. Mvua ziliwahi. Magari ya Ford yaliyoleta chakula kutoka stesheni ya reli ya Mikese yakashindwa na njia, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, na brigedi ya Wanaijeria iliyoachwa mtoni ikashinda na njaa kwa wiki kadhaa. Karibu karne nzima baadaye, habari zilikuwa zilezile kwa wasafiri wa Lindi na Mtwara. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 na kukomesha foleni za kivuko cha Ndundu, lakini kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga zilibaki bila lami kwa miaka mingi, na masika yaliweza kuyalaza mabasi hapo. Waliosafiri enzi hizo hawahitaji sura hii.

Silaha kubwa ya dereva asiye mwenyeji ni kuuliza, na wengi wanauliza vibaya. Anamkuta mzee kando ya njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za huko utokako?"

"Salama mzee. Eti huko mbele panapitika?"

"Panapitika."

Mzee hajadanganya. Amepita mwenyewe asubuhi, kwa miguu, na mtu wa pwani hapendi kumvunja moyo msafiri. Swali ndilo baya. Uliza gari la mwisho kupita ni gari gani. Uliza lilipita kabla ya mvua ya jana au baada. Uliza kama lilirudi. Na kama kuna kijana wa bodaboda karibu, muulize yeye, kwa kuwa anakijua kila kipande kwa kuanguka juu yake. Atakwambia: "Kaka, pale kwenye mwembe usifuate njia ya malori, pita kulia kwenye majani." Mpe soda.

Maji yakiwa yamefunika barabara, maswali hayo hayatoshi. Sentimita 30 za maji yanayokwenda zinatosha kuliinua gari dogo. 60 zinaweza kulichukua hata Land Cruiser. Ubaya zaidi ni kwamba huoni kama kalavati bado lipo. Aprili 2024 mafuriko yalifunika sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaingia pwani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa upande wa Kilwa, ikiwamo Somanga. Lami, si vumbi. Mahali palipopitika jioni hapakuwa na barabara asubuhi. Anayeingia kwenye maji ya namna hiyo kwa sababu lori limepita saa moja kabla analitegemea kalavati la saa moja iliyopita.

Nimalizie na lami, maana safari ya tope huisha juu yake na wengi huona hatari imekwisha. Matairi yanapanda lami ya Bungu yakiwa yamejaa mfinyanzi kwenye nakshi zake, na kwa mita mia kadhaa bado yanateleza, huku breki zilizolowa zikichelewa kushika. Ziguse kidogokidogo mara kadhaa ukiwa kwenye mwendo mdogo mpaka zikauke. Tope lililoganda ndani ya rimu hulifanya tairi litetemeke kwenye kilomita 70, na madereva hukimbilia gereji kufanya balansi wakati kilichohitajika ni ndoo ya maji na kijiti.

Kisha kuna upepo. Kama kwenye mchanga mkavu ulipunguza upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi 20 ili likanyage kwa upana, ulifanya vizuri. Watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye viwanja vilivyolowa walionyesha mwaka 1963 kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea upepo wake. Tairi la 32 huelea kwenye kilomita kama 94 kwa saa. Tairi la 20 huelea kwenye kama 75, chini ya ile 80 ambayo mabasi na malori yameruhusiwa kwenda. Kwa hiyo anayetoka Nyamisati na tairi zake laini, akapanda lami wakati mvua inaanza na kukanyaga mafuta awahi giza la Mbagala, anaelea kwenye mwendo anaoamini ni wa polepole. Bungu na Kibiti kuna vijana wenye pampu kando ya barabara. Simama, jaza 32, na usisahau tairi la akiba.